Kutu kwenye bodi ya gari la zamani: kuikata, kuiziba na kuizuia isirudi

Ukiona rangi imevimba kidogo kwenye kona ya madigadi au chini ya mlango, usidhani kutu ndiyo kwanza inaanza. Mara nyingi hapo ndipo inapomalizia. Maji yaliingia ndani, yakakaa kwenye tope lililojikusanya mahali ambapo jicho halifiki, yakala bati taratibu kwa miaka, na sasa kutu imetokeza upande wa pili. Kutu huchukua nafasi kubwa mara kadhaa kuliko chuma kilichoizaa, kwa hiyo inasukuma. Inainua rangi, inafungua mishono, inatenganisha mabati mawili yaliyobanwa pamoja kiwandani. Ukikwangua lengelenge hilo, ukasiriba puti, ule uji mzito wa kusawazisha bati, na kupuliza rangi, umeurembesha upande unaoonekana huku bati likiendelea kuliwa kwa nyuma.

Ndiyo sababu kazi hii yote, kuanzia bisibisi la kwanza hadi rangi ya mwisho, nitaieleza nikitazama upande wa ndani. Bati la gari la zamani lina unene wa karibu milimita moja tu, na bodi nyingi za kabla ya miaka ya 1980 hazikupakwa zinki. Porsche ilianza kutumia bati lililochovywa kwenye zinki kwa 911 za mwaka wa modeli 1976, na Audi 100 ikapata bodi nzima ya namna hiyo mwaka 1985. Yaliyotangulia mengi yalilindwa na rangi, lami, na bahati ya mwenye nalo.

Hatua ya 1: Tafuta kutu inakoishia

Osha gari, hasa chini na ndani ya matao ya magurudumu, kisha uliache likauke kabisa. Tope lililokauka huficha matundu, na mara nyingine ndilo linaloyaziba. Linyanyue kwa jeki, ulikalishe juu ya stendi imara kwenye sakafu ngumu iliyo sawa, ndipo uingie chini. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja ya kuchungulia.

Zana za uchunguzi ni chache: tochi yenye mwanga mkali, sumaku ndogo na bisibisi la zamani. Ifunge sumaku kwa kitambaa chembamba isikwaruze rangi, uipitishe polepole kwenye paneli. Inapoanza kushika kwa unyonge, chini ya rangi kuna puti nene, na chini ya puti nene kuna historia ambayo muuzaji hakukusimulia. Isiposhika kabisa kwenye gari ambalo paneli zake ni za chuma, huenda unagusa kiraka cha nyuzi za glasi.

Bisibisi lina kazi mbili. Kwanza gonga kwa mpini. Bati zima hutoa mlio wa wazi, bati lililooza hutoa sauti iliyokufa. Kisha choma kwa ncha. Bonyeza kwa nguvu bila huruma, maana bati ambalo bisibisi linapenya halikuwa bati tena. Ni afadhali ulitoboe leo kuliko kulipiga rangi ukaja kulikuta limeachia barabarani.

Pa kuchunguza ni pale maji yanapoingia na kukosa njia ya kutoka. Tazama ukingo wa chini wa milango, ambako vitundu vya kutolea maji huziba kwa vumbi. Tazama kingo za matao ya magurudumu, ambako mabati mawili hukunjwa pamoja. Inua mazulia uone sakafu, na ukikuta sponji iliyo chini ya zulia ina unyevu, tafuta unakotoka kabla ya kufanya jambo jingine lolote. Angalia trei ya betri, kwa kuwa asidi hula chuma haraka kuliko maji. Angalia fremu ya kioo cha mbele chini ya mpira, sakafu ya buti chini ya gurudumu la akiba, na sehemu za kuwekea jeki. Halafu vizingiti, yaani ile mihimili ya boksi inayopita chini ya milango. Hivyo vichunguze mara mbili.

Kila modeli ina ugonjwa wake. Volkswagen Beetle huoza kwenye mihimili ya pembeni inayopitisha hewa ya moto, na kwenye sakafu chini ya betri, ambayo imefichwa chini ya kiti cha nyuma. Mini ya zamani huanzia kwenye vizingiti na mishono ya nje. Mercedes-Benz W123, pamoja na uimara wake wote, huliwa kwenye sehemu za jeki na kwenye madigadi. Land Rover za zamani hudanganya watu, kwa sababu paneli za nje ni za alumini na hazioti kutu nyekundu, ila chasisi na ule ukuta unaotenga injini na abiria ni vya chuma. Tena pale alumini inapogusana na chuma penye unyevu, alumini yenyewe hugeuka unga mweupe.

Kila unapopata tatizo, zungushia chaki na upige picha. Halafu kadiria kwa ukali. Shimo linaloingia ncha ya kidole kwa kawaida huishia kuwa kiraka cha ukubwa wa kiganja, kwa sababu bati linalolizunguka limekonda hata kama bado linaonekana zima.

Hatua ya 2: Amua kipi ukifanye mwenyewe

Kutu ina daraja tatu. Ya kwanza ni ya juu juu: rangi ya chungwa, bati bado gumu, hakuna mashimo. Hiyo inasuguliwa na kupakwa. Ya pili imechimba vidimbwi vidogo kwenye bati, ila bisibisi halipenyi. Hiyo inahitaji kusuguliwa na kutibiwa kwa asidi, na ikiwa vidimbwi ni vya kina, bora ikatwe. Ya tatu ni tundu, au bati linalokunjika kwa kidole. Dawa yake ni msumeno.

Kuna jambo la kuzingatia zaidi ya hayo. Paneli za nje, kingo za matao, sakafu na chini ya milango ni kazi unazoweza kujifunza nyumbani. Chasisi, sehemu zinapofungwa suspensheni, mikanda ya usalama na usukani ni suala la uhai wa watu watakaopanda gari hilo. Kama hujawahi kuchomelea mpaka mchomeleo wako ukapimwa kwa nyundo na kushinda, andaa sehemu hizo mwenyewe, zisafishe, kisha umwite fundi mzoefu afanye mchomeleo. Hakuna aibu hapo.

Hatua ya 3: Andaa gari, mahali na mwili wako

Ondoa betri, ukianza na waya wa hasi. Chomoa pia waya za altaneta na za kifaa chochote cha elektroniki, kwani umeme wa kuchomelea hutafuta njia yake. Ondoa viti, mazulia, mapambo ya milango, waya na mabomba yaliyo karibu na eneo la kazi. Ukifanya kazi karibu na tangi la mafuta, lishushe na ulipeleke mbali. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, maana ndani mna mvuke.

Lami iliyopakwa chini ya gari na ile iliyobandikwa sakafuni kuzuia kelele huwaka kwa moshi mzito. Ikwangue kwa patasi pana kutoka pande zote za mahali utakapochomelea, na usisahau upande wa pili wa bati. Weka kizimamoto karibu na ndoo ya maji pembeni, na mwombe mtu akae upande usioona wakati unachomelea. Ukimaliza kuchomelea, usifunge mlango ukaenda zako. Kaa hapo saa nzima, ukinusa na kupapasa, kwa sababu sponji iliyojificha ndani ya boksi huweza kufukuta kimya kimya kabla ya kuwaka.

Macho, mapafu na mikono vilindwe kila mmoja kwa kifaa chake. Diski nyembamba ya grenda ikipasuka huruka kama risasi, kwa hiyo vaa miwani na juu yake ngao ya uso. Barakoa ya kitambaa haitoshi kwa vumbi la rangi. Rangi za magari ya miongo iliyopita huenda zina madini ya risasi, na mafundi wa viwandani walikuwa wakijaza mishono ya bodi kwa risasi yenyewe iliyoyeyushwa. Ukisugua ukakuta metali ya kijivu iliyo laini, inayokwanguka kwa kisu, zima grenda. Hapo sugua kwa mkono, kwa msasa wa maji, ukiwa na barakoa ya chujio la chembe ndogo, na vumbi lile usilipeleke nyumbani kwa watoto kupitia nguo zako.

Usisafishe bati kwa dawa ya breki yenye klorini kabla ya kuchomelea. Ikikutana na joto hilo hutoa gesi ya sumu inayoweza kuua.

Hatua ya 4: Vua rangi mpaka uone chuma

Vua rangi kwa upana kuliko unavyodhani inahitajika. Kutu hutambaa chini ya rangi iliyo nzima, na mpaka wake wa kweli hauonekani mpaka bati liwe tupu. Diski za kuvulia rangi zenye nyuzi nyuzi ni bora kuliko mawe ya grenda, kwa sababu haziondoi chuma kizima. Brashi ya waya ya mashine itumie kwa tahadhari. Inang'arisha kutu iliyomo ndani ya vidimbwi hadi iwe nyeusi na laini, nawe ukadhani umemaliza. Baada ya brashi, pitia kwa msasa namba 80 na utazame kwa tochi ya pembeni. Doa jeusi lililobaki ndani ya kidimbwi ni kutu iliyo hai.

Kupiga mchanga kwa kompresa husafisha vidimbwi kuliko kitu chochote, lakini mchanga wenye nguvu hupinda paneli pana zilizo bapa kama boneti, paa na ngozi za milango. Uache kwa ajili ya vipande vinene na vya pembeni. Na usitumie mchanga wa kawaida wa mtoni, kwani vumbi lake la silika huharibu mapafu moja kwa moja.

Kwa vidimbwi vilivyobaki, asidi ya fosfori ndiyo msaada wako. Hugeuza kutu kuwa fosfati ya chuma, ambayo haiendelei kula. Ipake, iache ifanye kazi bila kukauka, sugua, rudia, kisha safisha kama maelezo ya kopo yanavyosema. Usiruke usafishaji huo, maana mabaki ya asidi huzuia praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza inayopakwa juu ya chuma kitupu, kushika. Dawa nyingine zina asidi ya tanini, ambazo huacha tabaka jeusi la kupakwa rangi juu yake. Zinafaa ndani ya maboksi usiyoweza kuyafikia. Juu ya paneli utakayoipiga rangi ya kuonekana, mimi naamini chuma kitupu kuliko kutu iliyobadilishwa jina.

Vipande vidogo vinavyofunguka, kama bawaba, vishikizi na mabano, vina njia ya upole zaidi: molasi. Changanya sehemu moja ya molasi na sehemu tisa au kumi za maji, uzamishe, uache kwa wiki kadhaa. Inanuka, ni ya polepole, ila inaondoa kutu hadi ndani ya kona bila kula chuma kizima. Usizamishe humo alumini wala vipande vya zinki.

Bati likishakuwa tupu, saa zinahesabika. Unyevu wa hewa peke yake huweza kulirudishia kutu usiku mmoja, na alama za vidole vyenye jasho hutokeza kama mihuri. Vaa glavu, na vua tu eneo ambalo utaweza kulipaka praima siku hiyo hiyo.

Hatua ya 5: Kata, na utengeneze kiraka

Kata hadi ufike kwenye bati zima lenye unene wake kamili, yaani sentimita mbili au tatu kupita kidimbwi cha mwisho. Watu huogopa kukuza tundu. Ila bati lililokonda halishiki moto, na utakapolichomelea litayeyuka mbele yako, tundu likue lenyewe kwa namna usiyoipenda. Kabla ya kukata, chungulia nyuma. Mabomba ya breki na mafuta, pamoja na waya, hupenda kupita mahali hapo hapo.

Kwa vizingiti, subiri kwanza. Vinabeba gari, na kwenye gari lisilo na paa vinabeba karibu kila kitu. Ukivikata bila kutegemeza, bodi italegea katikati na milango haitafunga tena. Gari likae juu ya stendi zilizowekwa chini ya ekseli, chomelea vyuma vya muda vya kuvuka nafasi ya mlango, pima mianya ya milango na uiandike, kisha ushughulikie upande mmoja hadi uishe kabla ya kugusa wa pili. Kila baada ya hatua, rudisha mlango na upime tena mianya ile.

Kiraka kianze kwa kadibodi. Kata kadibodi ifunike eneo bovu, ikunje ifuate umbo, ihamishie kwenye bati. Pima unene wa bati la awali mahali palipo pazima na utumie la unene huo huo. Kwa paneli nyingi ni milimita 0.8 hadi 1. Nene zaidi si bora zaidi, maana joto hulila bati jembamba la zamani kabla ya kiraka kuyeyuka. Kama bati lako jipya limepakwa zinki, isugue zinki iishe kwenye kingo. Mvuke wake huleta homa na kutetemeka.

Zungusha pembe za kiraka. Kona kali hukusanya joto na hapo ndipo ufa huanzia. Nao mpangilio huu huokoa muda mwingi: tengeneza kiraka kwanza hadi kikamilike, kiweke juu ya gari, chora mzunguko wake kwa msumari, ndipo ukate tundu kwa kufuata mchoro. Ukikata tundu kwanza, utatumia mchana mzima kukikimbiza kiraka.

Kiraka kinachoingia sawasawa, ukingo kwa ukingo, na mwanya wa karibu milimita moja kuzunguka, ndicho kinachofaa kwa paneli za nje. Kulaza bati juu ya bati ni rahisi, lakini kati ya mabati mawili unaacha mfuko, nao unyevu utauona. Kwenye sakafu, ambako kulaza kunakubalika, paka praima yenye zinki ya kuchomelea kati ya mabati, toboa matundu ya milimita 5 au 6 kwenye bati la juu, uyajaze kwa mchomeleo, kisha uzibe mshono pande zote mbili.

Hatua ya 6: Chomelea kwa nukta, usikimbilie mstari

Mashine inayofaa bati la gari ni MIG, ile inayosukuma waya wa kuchomelea yenyewe, yenye gesi, mchanganyiko wa argoni na kaboni dioksidi, na waya wa milimita 0.6. Mashine ya vijiti ina moto mkali mno kwa unene huu. Waya wenye unga ndani, usiohitaji gesi, unawezekana, ila hutapakaza cheche na huacha mchomeleo mgumu kusawazisha. Kabla ya kugusa gari, fanya mazoezi kwenye vipande vya bati la unene ule ule mpaka nyuma ya kipande uone mchomeleo umepenya. Nundu nzuri juu isiyopenya chini imegundishwa tu. Ipige nyundo uone.

Bana waya wa ardhi karibu na kazi, kwenye chuma kitupu. Shika kiraka kwa klipu au sumaku, hakikisha kingo ziko usawa mmoja, kisha piga nukta moja katikati ya kila upande. Pima tena. Gonga palipoinuka. Ndipo uongeze nukta, kila moja mbali na iliyotangulia: juu, kisha chini, kisha kushoto, kisha kulia. Acha kila eneo lipoe mpaka uweze kuliwekea mkono. Endelea kupunguza nafasi kati ya nukta nusu kwa nusu, hadi zigusane na mzunguko uwe umefungwa.

Huo uvumilivu ndio kazi yenyewe. Bati likipata joto hutanuka, likipoa husinyaa kuliko lilivyokuwa, na mstari mmoja mrefu wa mchomeleo huvuta paneli nzima hadi ifanye mawimbi ambayo puti haiwezi kuyaficha. Unaweza kupunguza uvutano kwa kugonga taratibu kila nukta kwa nyundo, ukishikilia chuma kizito chenye uso laini kwa nyuma, ili bati litanuke tena kidogo. Moto ukitoboa bati, tegemeza kipande cha shaba kwa nyuma na ujaze tundu kwa mapigo mafupi. Mchomeleo haushiki kwenye shaba.

Kusawazisha nako kuna mtego. Tumia diski yenye majani ya msasa yaliyopandana, namba 60, gusa kwa sekunde chache, hama. Bati likigeuka rangi ya buluu umelichemsha, na linaweza kupinda baada ya kuponea kwenye mchomeleo wote ule. Simamia juu ya mchomeleo, usile bati la pembeni. Ukimaliza, zima taa na uweke tochi nyuma ya kiraka. Kila nukta ya mwanga ni mlango wa maji. Izibe.

Hatua ya 7: Praima kwanza, kisha puti

Safisha chuma kwa kiondoa mafuta, ukitumia kitambaa kimoja cha kupakia na kingine kikavu cha kufutia kabla hakijakauka. Paka praima ya epoksi pande zote mbili, mbele na nyuma ya kiraka. Nyuma ndiko watu husahau, na ndiko joto la kuchomelea lilikounguza ulinzi wote uliokuwapo. Praima nyingi za kawaida za kujaza mikwaruzo hupitisha unyevu. Epoksi ndiyo huzuia maji, ndiyo maana huanza.

Puti ya poliesta ipakwe juu ya epoksi iliyokauka na kukwaruzwa kidogo, ama ndani ya muda ambao mtengenezaji ameuruhusu. Puti inasawazisha, haizibi tundu. Ikiwa unahitaji zaidi ya milimita 3, rudi kwa nyundo. Ichanganye juu ya kibao cha plastiki au kioo, kwani kadibodi hunyonya kemikali zake. Hadena, yaani kigumishi kinachoikausha, iwe karibu asilimia 2 ya uzito, au kama kopo linavyosema. Watu huongeza hadena ili ikauke upesi, kisha miezi baadaye doa la njano linapanda juu ya rangi mpya. Changanya kwa kukandamiza, bila kupiga piga, ili usiingize hewa. Tabaka la kwanza likandamize kwa nguvu likiwa jembamba, lishike, ndipo ulete la kujaza.

Msasa ufungwe kwenye ubao mrefu, namba 80, kisha 120, kisha 180. Vidole vyako vitachimba mifereji usiyoiona mpaka rangi ya kung'aa iwekwe. Puliza vumbi jembamba la rangi nyeusi juu ya puti kabla ya kusugua. Nyeusi ikibaki, hapo pamezama. Ikitoka upesi na chuma kikaonekana, hapo pameinuka, na suluhisho ni kugonga chini kwa nyundo, siyo kuongeza puti pande zote. Funga macho na upitishe kiganja chote, ukivuka eneo hilo na kwenda mbali kwenye bati zima. Mkono hugundua wimbi ambalo jicho limelikubali.

Puti usiisugue kwa maji. Hunyonya, na maji hayo yatatoka baadaye kama malengelenge.

Hatua ya 8: Rangi

Juu ya puti weka praima ya kujaza, isugue kwa namba 320 hadi 400, na 600 kama rangi ni ya metaliki. Mishono yote izibwe kwa gundi ya mishono kabla ya rangi, ukiacha vitundu vya maji wazi. Chagua siku kavu, isiyo na upepo, yenye joto la wastani la karibu nyuzi 20 na kuendelea. Puliza tabaka nyembamba kadhaa, ukisubiri kila moja iache kunata. Jaribu rangi kwenye kadi kwanza, uilinganishe na gari chini ya mwanga wa jua, kwa sababu rangi ya miaka mingi imechujuka na namba ya kiwandani haitalingana nayo kikamilifu. Kwa sababu hiyo paka paneli nzima hadi kwenye ukingo au mstari wa umbo. Usiishie katikati.

Rangi na laka za sehemu mbili, zile zinazochanganywa na hadena, huwa zina isosayaneti, ambazo huweza kuleta pumu ya kudumu. Barakoa ya vumbi haisaidii hata kidogo, na mafundi wenye vibanda huvaa vifaa vya kuletewa hewa safi. Kama huna kifaa hicho, maliza kazi hadi praima, usawazishe vizuri, kisha upeleke gari kwa mpiga rangi. Utakuwa umeshafanya sehemu inayoamua kama kutu itarudi au haitarudi.

Hatua ya 9: Rudi ndani

Sasa joto lote limekwisha, rangi imekauka, na boksi za ndani zinangoja. Toboa vitundu vya maji ulivyoviziba bila kujua. Kisha puliza nta ya maboksi kwa mpira mrefu wenye pua inayotawanya pande zote. Uingize hadi mwisho wa kizingiti, uuvute nje polepole huku ukipuliza. Fanya hivyo kwenye vizingiti, ndani ya milango, nyuma ya kingo za matao, na kwenye nguzo za paa. Siku ya joto ni bora, kwani nta hutambaa na kuingia ndani ya mishono. Ikidondoka kwenye vitundu vya chini, ujue imefika. Kisha hakikisha haijaviziba.

Chini ya gari na ndani ya matao paka kinga inayobaki laini. Lami ngumu hupasuka, maji huingia chini yake, na inayafunika yakiwa kazini. Kabla ya kurudisha mazulia, mwombe mtu amwagie gari maji kwa mpira kwa dakika kumi, kioo cha mbele na milango, nawe ukiwa ndani na tochi. Mpira wa kioo unaovuja ubadilishwe sasa, kabla sakafu mpya haijalowa.

Rangi mpya usiipake nta ya kung'arisha mpaka muda aliousema mtengenezaji upite, mara nyingi ni wiki kadhaa. Nta ya ndani irudie kila baada ya miaka michache. Kila unapoosha gari, elekeza maji ndani ya matao mpaka yatoke masafi, na upitishe kijiti chembamba kwenye vitundu vilivyo chini ya milango.